Usipoziba Ufa: Chokaa, Saruji na Kuta za Mji Mkongwe

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunafundishwa tungali wadogo, na kila tuisikiapo tunaitikia kwa kichwa. Lakini methali husema nusu ya jambo na kumwachia msikilizaji nusu ya pili. Imetuamrisha tuzibe ufa. Haikututajia tuuzibe kwa kitu gani. Nadhani wahenga hawakuona haja ya kutaja, kwa kuwa katika zama zao kila aliyejenga kwa mawe katika pwani hii alilijua jawabu. Sisi tuliokuja baadaye tumelisahau, na nyumba zetu zimelipa gharama ya usahaulifu huo.

Nusu hiyo ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza katika makala haya. Sababu yangu si elimu ya ujenzi, kwani sinayo. Mimi ni mtunzi wa mashairi na mfasiri niliyejifunza mwenyewe, kamusi mkononi, bila ya mwalimu wa kunisahihisha. Sababu yangu ni kosa nililolifanya.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 niliombwa nifasiri karatasi ndogo ya Kiingereza, kurasa nne tu, iliyokusudiwa kugaiwa kwa wakaazi wa Mji Mkongwe wa Unguja. Ilieleza namna ya kuzitunza nyumba za mawe: kusafisha mifereji ya paa, kung'oa miti inayoota ukutani, kuziba upya viungo vilivyofunguka baina ya jiwe na jiwe. Katika maelezo ya kuziba viungo palikuwa na neno moja la Kiingereza lenye maana ya mchanganyiko wowote unaoshika jiwe kwa jiwe, uwe wa udongo, wa chokaa au wa kitu kingine. Nilifungua kamusi. Maneno mawili matatu yalinikabili, nami nikalichagua lile lililonipendeza masikioni, lililokuwa na uzito wa kisomi: saruji. Kazi ikapokewa, ikachapwa, ikagaiwa. Nikalipwa, nikashukuru, nikasahau.

Masika tatu zikapita. Siku moja, nikitoka sokoni Darajani, alinisimamisha mwashi mmoja mzee ambaye nilimjua kwa sura tu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Ile karatasi yako nimesomewa na mjukuu wangu. Kiswahili chako kizuri. Lakini twende nikakuoneshe kilichofanya kazi."

Akanipeleka katika nyumba ya bibi mmoja mjane, ndani ya vichochoro vya Malindi. Ukuta wa mbele ulikuwa wa kijivu, laini, mgumu, na kwa mbali ulionekana mpya. Mzee akaugonga kwa mpini wa mwiko wake. Ulilia kama ngoma. Akaingiza ncha ya mwiko katika ufa mdogo, akasukuma, na kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka chini kizima. Akakigeuza. Mgongoni mwake kilikuwa kimebeba ngozi ya jiwe lenyewe, na pale kilipotoka ukuta ulikuwa umelowa, umejaa unga mweupe wa chumvi, na mawe yake yakimong'onyoka kwa kidole. Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa barazani akitutazama. Hakunilaumu. Alisema tu: "Nilifanya kama karatasi ilivyosema, mwanangu. Niliuza bangili mbili nikanunua mifuko."

Tokea siku hiyo nimekuwa nikijifunza habari za neno nililolitumia na za kitu lilichokitaja. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na ukuta wenyewe. Jiwe la nyumba zetu ni mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu na bahari. Lina matundu mengi, halina pembe mraba, wala halilali juu ya mwenziwe kwa utulivu. Ndiyo maana mwashi wa pwani hakujenga kama anayejenga kwa matofali, ambapo mstari mwembamba wa udongo hutosha baina ya tofali na tofali. Yeye alipanga mawe makubwa, akajaza madogo, akamimina kila pahala mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, mpaka ukapatikana ukuta wa unene wa nusu mita na zaidi. Juu yake akalaza boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Juu ya boriti akapanga mawe, akamwaga zege la chokaa, na watu wakalitwanga kwa vigongo, kwa mpigo mmoja na kwa nyimbo, siku baada ya siku, mpaka sakafu ikakaza. Katika ukuta wa namna hii huwezi kusema kwamba jiwe ndilo ukuta na chokaa ni gundi tu. Chokaa ni nusu ya ukuta.

Na chokaa hiyo ilitokana na jiwe lilelile. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya tanuu la magogo yaliyolazwa duara, tabaka juu ya tabaka, moto ukawashwa katikati na kuachwa uwake mpaka magogo yote yakateketea. Jiwe hilo kwa umbile lake limeshikamana na hewa ukaa. Joto likifika kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi, hewa hiyo hutoka, na kinachobaki ni chokaa kavu yenye kiu kali. Ikitiwa maji huchemka, hupasuka na kuwa unga au uji mweupe. Waashi wa zamani hawakuitumia papo hapo. Waliilundika, wakaifunika, wakaiacha miezi kadhaa ipoe na kulainika. Kisha, ikishapakwa ukutani, huanza kuivuta tena kutoka katika upepo ile hewa ukaa iliyoipoteza motoni, polepole, takriban milimita moja kwa mwezi, na hatimaye hugeuka kuwa jiwe kama ilivyokuwa. Jiwe huwa chokaa, chokaa huwa jiwe. Hakuna katika mzunguko huo kitu kigeni kilichoingia ukutani.

Elimu hii si ya jana. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika matumbawe yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladi. Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu ulioanzwa katika karne ya 11 ulipanuliwa baadaye kwa kuba na matao ya mawe na chokaa, na mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali linaloitazama bahari. Baada ya Waomani kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa kwa vitu vilevile. Na pale Seyyid Said alipouhamishia Unguja utawala wake, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mji wa mabanda na nyumba chache za mawe uligeuka ndani ya miongo michache kuwa mji wa ghorofa. Moshi wa matanuu ya chokaa ulikuwa sehemu ya sura ya ufuo kama walivyokuwa mashua na madau.

Sasa nije kwenye neno lililoniponza. Saruji limetujia kutoka Uajemi na Uarabuni, kama yalivyotujia maneno mengi ya ufundi. Huko lilikotoka, sāruji ni mchanganyiko wa chokaa na vitu vilivyochomwa, kama udongo wa mfinyanzi au majivu, ambao huzuia maji. Waomani hadi leo wanaliita kwa jina hilo lile chanikwiti la udongo uliochomwa, wakalitumia katika ngome zao na katika aflaji, ile mifereji inayotoa maji chini ya milima na kuyapeleka mashambani. Kwa hiyo neno saruji lilizaliwa karne nyingi kabla ya kitu tunachokiita saruji hivi sasa, na lilizaliwa katika ukoo wa chokaa. Lau ningelifahamu hilo, nisingeona ajabu kwamba kamusi ililiweka neno hilo mbele yangu. Kamusi haikusema uongo. Kitu ndicho kilichobadilika chini ya jina.

Kilibadilika hivi. Mwaka 1756 mhandisi Mwingereza John Smeaton alipewa kazi ya kujenga mnara wa taa juu ya mwamba wa Eddystone, katikati ya mawimbi. Akitafuta chokaa inayoweza kuganda majini, aligundua kwamba mawe ya chokaa yenye udongo ndani yake ndiyo yanayotoa chokaa ya namna hiyo. Mnara ulikamilika mwaka 1759. Mwaka 1824 mwashi wa Leeds aitwaye Joseph Aspdin alisajili hati ya kumiliki mchanganyiko wake wa chokaa na udongo uliochomwa pamoja, akauita Portland kwa kuufananisha na jiwe maarufu la kisiwa cha Portland. Katika miaka ya 1840 watengenezaji wakaanza kuuchoma kwa moto mkali zaidi, hadi vitu hivyo vikayeyuka nusu na kushikana, na hapo ndipo ilipozaliwa saruji tunayoijua: yenye kuganda kwa saa chache badala ya miezi, ngumu, nzito, isiyopitisha maji kwa urahisi.

Unguja haikuchelewa kuiona. Na aliyeitumia kwa namna iliyovuta macho ya watu alikuwa, kwa sadfa inayonigusa, mfasiri. Edward Steere, Askofu wa Kianglikana, ndiye aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, akakusanya hadithi zetu na kuzichapisha, na akafasiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Mwaka 1873, mara baada ya kufungwa soko la watumwa la Mkunazini, ujenzi wa kanisa kuu ulianza katika kiwanja hicho, na kazi ikaendelea hadi mwaka 1880. Kwa paa lake Steere alichagua kuba refu la mviringo lililomiminwa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji ya Portland. Watu walitabiri litaanguka. Halikuanguka. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu, chini ya kuba lake.

Ninalitaja kanisa hilo ili nisimdhulumu mtu wala kitu. Saruji si adui. Penye jengo lililobuniwa kwa saruji tokea msingi, saruji hufanya kazi yake kwa uaminifu. Steere aliihitaji kwa sababu alitaka kuba pana lisiloweza kubebwa na boriti. Ubaya unaingia pale saruji inapoitwa kukaa na chokaa ndani ya ukuta mmoja, kiraka kigumu juu ya nguo laini.

Kwa miaka mingi baada ya Steere, saruji ilibaki kitu cha meli na cha wenye nacho. Waashi wa mitaani waliendelea na matanuu yao. Mabadiliko makubwa yalikuja pale saruji ilipoanza kutengenezwa jirani yetu: kiwanda cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Inafaa kukumbuka kwamba Bamburi ilichimba malighafi yake katika matumbawe ya kale ya pwani. Jiwe lilelile lililokuwa likiingia katika tanuu la mwashi sasa liliingia katika tanuri la kiwanda, likatoka likiwa kitu kingine.

Na wakati huohuo nyumba zenyewe zilikuwa zinabadilisha mikono. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali, na familia kutoka mashamba na Pemba zikapewa vyumba. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikakaliwa na familia sita. Paa likawa la wote, yaani si la mtu. Desturi ya kupaka chokaa kila mwaka kabla ya mvua, iliyokuwa ndiyo dawa ya ukuta, ilikatika. Waashi wakazeeka bila ya wanafunzi, kwani kijana gani angejifunza kungoja chokaa miezi sita ilhali mfuko wa karatasi unafunguliwa asubuhi na ukuta unakauka jioni? Katika miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka mvua hata mvua. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ukatayarishwa mpango wa uhifadhi kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, ambayo pia iliifufua Zahanati ya Zamani iliyopo Mizingani, na humo vijana wakafundishwa upya kazi ya chokaa. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya urithi wa dunia. Karatasi yangu ya kurasa nne ilikuwa tone dogo katika juhudi hizo, na tone hilo lilikuwa na taka.

Kwa nini kiraka cha saruji huua ukuta wa chokaa? Mzee mwashi alinieleza kwa maneno machache, na vitabu nilivyosoma baadaye havikumpinga.

Ukuta wa matumbawe hunywa maji. Huyanywa kutoka ardhini, kutoka katika mvua ya masika na ya vuli, kutoka katika upepo wa bahari. Hauzuiliki kunywa, ulichopewa ni uwezo wa kuyatoa. Chokaa, kwa kuwa ina vinyweleo vingi, huyaruhusu maji kurejea nje kama jasho, na jua na upepo wa kusi huyachukua. Katika maji hayo mna chumvi. Maji yanapokauka, chumvi huganda, na inapoganda hutanuka na kusukuma. Ikiwa imeganda ndani ya chokaa, chokaa hubanduka kidogo kidogo, na baada ya miaka mwenye nyumba hupaka nyingine. Chokaa imekufa, jiwe limesalimika. Ndiyo kazi iliyokusudiwa: kilicho rahisi kutengenezwa kitangulie kuharibika.

Mpige ukuta huohuo saruji, na njia ya jasho imefungwa. Maji hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, au hujikusanya nyuma ya saruji. Udongo mwekundu uliomo ndani hulowa na kulainika. Chumvi huganda ndani ya jiwe na kulimong'onyoa. Na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haikubali kujongea, ukuta unapotanuka kwa joto la mchana na kunywea usiku, kinachopasuka ni jiwe. Nyufa nyembamba hujitokeza katika saruji. Mvua huingia kwa nyufa hizo, na haitoki. Mwenye nyumba huona ufa, humkumbuka mhenga, huongeza saruji. Kila anavyozidi kuziba ndivyo anavyozidi kujenga kaburi la ukuta wake.

Msiba huu si wetu peke yetu. Waingereza waliotupa saruji walijifanyia wenyewe jambo lilelile. Kuta zao za matofali zilizojengwa kwa chokaa zilizibwa viungo kwa saruji katika karne ya 20, mtaa hata mtaa, na badala ya chumvi ya bahari wao walikuwa na baridi: maji yaliyofungiwa ndani ya tofali yakaganda kuwa barafu, na nyuso za matofali zikaruka kama magamba, huku mistari ya saruji ikibaki imesimama mitupu. Mshairi na mfasiri William Morris, aliyefasiri visa vya kale vya Iceland, alianzisha London mwaka 1877 jumuiya ya kulinda majengo ya kale, akipinga wale waliokuwa wakiyakwangua na kuyafanya mapya kwa jina la kuyatengeneza. Alitaka majengo yatunzwe kila siku kuliko kutengenezwa upya kila karne. Ilichukua takriban miaka 100, hadi miaka ya 1970, mafundi wa huko kuanza kurejea kwa wingi katika chokaa.

Namna ya kuziba viungo kwa chokaa haina siri, ila ina subira. Kwanza saruji ya zamani na chokaa iliyokufa hutolewa kwa mkono, kwa patasi na nyundo ndogo, kwa kina cha mara mbili ya upana wa kiungo. Mashine haifai; hukata jiwe. Kiungo hufagiliwa, huoshwa, na ukuta huloweshwa, kwani ukuta mkavu huinyang'anya chokaa maji yake kabla ya kushika. Sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu huchanganywa na sehemu tatu za mchanga wenye chembe kubwa na ndogo, mchanga usio na chumvi. Asiye na mchanga wa bara na auoshe wa pwani. Palipo na pengo kubwa hujazwa vijiwe pamoja na chokaa, maana chokaa tupu ikiwa nene hupasuka. Huingizwa kwa nguvu, tabaka baada ya tabaka. Kisha hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, ikingwe jua na upepo, na kurashiwa maji kwa siku kadhaa. Mwashi anayeondoka jioni ya siku ya kwanza hajafanya kazi, ameianza tu.

Najua wataniuliza wenye nyumba, na wana haki: subira hiyo italipwa na nani? Siku za mwashi ni fedha. Chokaa njema huhitaji kuni, na misitu yetu imekwisha. Huhitaji mawe, na matumbawe hai ya baharini hatuna ruhusa wala haki ya kuyavunja, kwani ndiyo nyumba ya samaki na ngao ya ufuo. Jawabu la hili la pili ni jepesi: mwamba wa nchi kavu unatosha, na ndio uliokuwa ukitumika zaidi. La kwanza ni zito. Mfuko wa saruji ni rahisi leo, na maskini hununua kwa bei ya leo. Bibi wa Malindi hakukosa akili. Alinunua kile alichoambiwa kwa fedha alizokuwa nazo. Ninachoweza kusema ni kwamba hakukinunua mara moja. Alilipia kukipaka, akalipia kukibandua, na akalipia mawe yaliyotoka nacho. Chokaa ingemgharimu mara moja. Wanaotoa misaada ya kuhifadhi mji na wanaotunga sheria wangefanya jambo la maana kama wangeanzia hapo: chokaa iliyokwishalowekwa, ipatikane mjini kwa bei inayoweza kushindana na mfuko.

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa inafanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Kasri ile ilikuwa na nguzo za chuma na sakafu pana zisizofanana na nyumba za mitaani, na maradhi yake yalikuwa mengi, yakiwemo maji yaliyoingia kwa miaka kupitia paani. Sina nia ya kuyabebesha yote chembe za saruji. Lakini nilipokuwa nimesimama Forodhani pamoja na umati, nikitazama vumbi jekundu la udongo wa kale likitulia, nilikumbuka maneno ya mzee mwashi, ambaye wakati huo alikwishatangulia mbele ya haki. Alikuwa amesema: "Ukuta hauanguki siku unayouona ukianguka. Umeanguka siku alipoacha kutazamwa na mtu anayeujua."

Ukuta wa bibi ulitengenezwa. Mzee na vijana wawili waliifanya kazi hiyo kwa miezi mitano, nami nilibeba maji. Saruji yote ilitolewa, na theluthi ya mawe ya ngazi ya chini ikabidi yabadilishwe. Chokaa tuliyoitumia ilikuwa imelowekwa tokea mwaka uliotangulia katika shimo la uani kwa mzee. Bibi hakuishi sana baada ya hapo, lakini ukuta upo, na hupakwa chokaa na wajukuu zake kila mwaka kabla ya masika.

Karatasi ile haikuchapwa tena, kwa hiyo sikupata fursa ya kuisahihisha. Nakala zake bado zimo ndani ya nyumba. Nimeziona zimebandikwa nyuma ya milango na kuwekwa baina ya kurasa za vitabu. Nawaomba wasomaji wa jarida hili, wale wenye jamaa katika Mji Mkongwe, Lamu, Mombasa, Bagamoyo, au popote palipo na ukuta wa matumbawe, wayachukue makala haya kuwa ndiyo masahihisho yangu. Ukurasa wa tatu, mstari wa saba: palipoandikwa saruji, isomwe chokaa.